Mwenye Mbawa Amekaa Chini

Wallahi, haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa chai niliyokunywa asubuhi hii, naapa kwa lori nililoliendesha mpaka likazeeka kabla yangu, naapa kwa ndevu zangu, na watu wa Bwera watakwambia kwamba ndevu zangu sizichezei. Hakuna neno nililoongeza. Kama lipo lililoongezeka, basi limepanda lenyewe njiani, kama abiria anayedandia lori mlimani dereva anapobadilisha gia.

Ilianza na mwanga. Karakana ya Kasereka iko pembeni mwa barabara inayoteremka Mpondwe, mpakani, na mabati yake yametoboka kama chekecheke. Jua likipanda huingia kwa vile vitundu, na vumbi la malori ya forodhani hupanda kulipokea, na hapo katikati, vumbi na mwanga, mwanga na vumbi, hushikana na kusimama wima kama nguzo za msikiti. Nguzo moja hukuangukia wewe.

Wewe, mwanamke mwenye mbawa. Wewe uliyepigiliwa ukutani kwa misumari minne, karatasi yako imekunjamana kama shavu langu, wino wako mweusi umefifia pembeni. Umekaa chini. Shavu umeliegemeza ngumini. Mkononi una bikari na hupimi kitu, mapajani una kitabu na husomi kitu, kiunoni una funguo na hufungui kitu. Mbawa unazo, kubwa, nene, zenye manyoya yaliyochorwa moja moja, na hurukii popote.

Inuka, mwenye mbawa.

Hukuinuka.

Nimekutazama asubuhi nyingi nikiwa na kikombe mkononi na hasira tumboni. Mbwa wako amelala, mbavu nje. Mizani yako inaning'inia, haipimi chumvi wala kahawa. Saa yako ya mchanga imesimama nusu juu nusu chini, kengele yako haina mtu wa kuvuta kamba, ngazi yako imeegemea ukuta wala hakuna anayeipanda. Chini ya miguu yako umetupa randa, umetupa msumeno, umetupa misumari na rula, vitu vya watu wanaofanya kazi! Na nyuma yako bahari, na upinde wa mvua, na nyota yenye mkia inayowaka, na popo amebeba jina lako kwa lugha ya mapadri. Ulimwengu mzima unakuita mgongoni. Wewe unakodoa macho tu.

Hasira yangu haikuwa juu yako peke yako. Chini yako, kwenye kigogo, alikaa Kasereka. Shavu ndani ya ngumi. Randa chini, msumeno chini, misumari imemwagika. Nikitazama juu nakuona wewe, nikitazama chini nakuona wewe tena, mwenye suruali ya kaki na bila mbawa.

Kasereka ni fundi seremala, Mkatoliki wa Butembo. Alivuka mpaka na nguo zake na randa ya kaka yake, na wewe ukiwa umekunjwa ndani ya shati. Alikupata kwa padri mmoja mzee aliyemwambia kwamba wewe ni kazi ya fundi wa Kijerumani wa zamani sana, aliyekukwaruza juu ya bamba la shaba kwa kijichuma chenye ncha kama sindano, mkwaruzo kwa mkwaruzo, akakupaka wino, akakubandika karatasini. Fundi wa shaba kwa fundi wa mbao. Kasereka alikupenda kwa sababu hiyo.

Na mikono ile! Milango ya Bwera ni yake, madawati ya watoto ni yake, na masanduku ya maiti ni yake pia, ya Wakristo wa pande zote mpaka Maliba. Mtu akifa, hata mvua ikinyesha, Kasereka atapiga randa mpaka sanduku liwe laini ndani kama nje. Nilimuuliza siku moja, ndani nani atagusa? Akaniita, Papa Wahabu, akasema maiti mwenyewe atagusa, yeye ndiye analala mule.

Kisha ikaja simu kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Kijiji cha kwao kilikuwa kimevamiwa. Kaka yake Kataliko, yule aliyemfundisha kushika randa, hayupo. Walionusurika walimzika mbio mbio, ndani ya turubai la mvua, wakakimbia.

Kasereka aliniambia mara moja tu, akitazama mikono yake.

"Nimepigia watu wote masanduku. Kaka yangu bamemuzika mu bashi, sawa mufuko ya makala."

Akakaa. Hakuinuka tena, isipokuwa kwenda kulala na kurudi kukaa.

Sasa nieleweni, sikuwa mtu wa huruma tu. Nilikuwa na shida yangu. Mjukuu wangu Hidayah anaolewa, na kwetu babu ndiye anayempa mjukuu kitanda. Nilikwisha kutangaza. Nilitangaza msikitini, nilitangaza kwenye stendi ya bodaboda, nilitangaza mpaka Kasese kwa watu wasiomjua Hidayah: kitanda cha mvule, kichwa chake kimechongwa milima ya Rwenzori na theluji yake, mkono wa Kasereka! Mbao zilikuwa pale karakanani, zimesimama ukutani karibu nawe, zimekauka vizuri, zinanukia. Zikingoja.

"Jjajja," Hidayah akaniuliza, "kitanda yangu iko wapi?"

"Iko inakuja."

"Inakuja na miguu?"

Na mke wangu Mariat, ambaye Mungu alimpa ulimi ili mimi nisilale, akasema Baker, mwanetu, atakuja Alhamisi na pikapu. Atabeba mbao apeleke kwa fundi mwingine Kasese, na basi.

Basi! Rahisi kusema. Lakini mimi nilizitazama zile mbao na nikajua. Hakukuwa na kazi nyingine karakanani. Wateja walikwisha kuacha kuja, kila mmoja alichungulia, akamwona amekaa, akaondoka kwa adabu. Zile mbao ndizo kamba ya mwisho. Siku pikapu itakapoondoka nazo, Kasereka atabaki na ukuta mtupu na wewe, na wewe, samahani, hujawahi kumsaidia mtu kusimama.

Inuka, mwenye mbawa. Nakuomba, dada. Alhamisi inakuja.

Nikaanza kazi ninayoiweza. Kila asubuhi nilivuta kigogo, nikakaa mbele ya Kasereka, nikamweleza maana yako. Nilijifundisha kusoma kwenye magunia na vibao vya barabarani, nitashindwa picha?

Nikamwambia, shaba aliyokuchorea yule Mjerumani ilitoka Kilembe, kwenye mgodi wetu huu wa hapa. Naam! Alikuja mwenyewe na punda, akalala Kasese, mbu wakamla, ndiyo maana picha nzima ina madoadoa. Nikamwambia, tazama uso wake, mbona mweusi hivi wakati mikono ina mwanga? Ni Mkonzo huyu, ni binti wa hapa, Mjerumani alimwona sokoni. Bahari ile ni ziwa la Katwe, la chumvi, ndiyo maana amekaa, ana kiu. Ngazi ile ni ya wapagazi wa Ibanda, ukiipanda unatokea kwenye theluji, mimi nimeipanda, nikarudi na kipande cha barafu mfukoni kikafika Bwera kizima.

Kasereka alipepesa jicho kama ng'ombe anayefukuza nzi.

Nikamwambia habari za lile jiwe lako kubwa lenye pembe nyingi, lililochongwa nyuso zisizofanana. Nikamwambia ni mzigo uliokwama forodhani kwa sababu hakuna afisa aliyejua uandikwe kama nini, si sanduku, si mpira, na huyu mwenye mbawa ni wakala wake, anangoja mhuri tangu enzi ya babu zake. Nimewaona mawakala wa hivyo Mpondwe! Wana funguo, wana mikoba, wana elimu, shavu ndani ya ngumi.

Hapo nilidhani atacheka. Mdomo ulitikisika kidogo.

"Papa Wahabu," akasema, "niache nikae."

Nikaondoka nikiwa nimekasirika hata nikapiga teke maranda mlangoni. Maranda ya zamani, yameshaoza. Nimeburuta lori la kahawa matopeni kwa meno yangu, karibu. Nimewasihi askari wa vizuizi mpaka wakanisindikiza. Na mtu mmoja mwenye mikono ya dhahabu, siwezi kumsogeza kutoka kwenye kigogo! Maneno yangu, mali yangu pekee niliyostaafu nayo, yalimpitia kama upepo kwenye chekecheke.

Nilirudi Jumatano. Nikakusogelea wewe karibu, pua kwa pua, nitafute kosa lako. Na pale juu ya bega lako, chini ya kengele, nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita kila siku. Mraba. Umegawanywa vyumba, vyumba vinne kwenda, vinne kushuka, na kila chumba kina namba.

Nywele zikanisimama.

Kila Mwislamu wa Bwera anaujua mraba ule! Ndio ule walimu wanaouandika ndani ya hirizi, namba ndani ya vyumba, na ukijumlisha kwenda au kushuka jawabu ni lile lile. Wengine huuvaa, wengine huuandika kwa zafarani kwenye sahani, wanauosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Kombe. Bibi yangu alinywesha nusu ya ukoo.

Kumbe yule Mjerumani alikuwa mtu wetu! Kumbe maradhi ameyachora na dawa yake ameitundika papo hapo, ukutani, juu ya kichwa cha mgonjwa, na mgonjwa anatazama upande mwingine! Nilikucheka, mwenye mbawa. Nilikucheka na kukukasirikia kwa pamoja. Geuza shingo, mwanamke! Dawa yako iko begani!

Zafarani sina. Nilikwenda jikoni nikachukua binzari ya Mariat, nikaikoroga na maji ya limau, nikachukua sahani nyeupe, ile yenye ua, nikachonga njiti. Nikarudi kukunakili, namba kwa namba, mgongo umepinda, miwani imefungwa kwa uzi.

"Baba Baker!" Sauti ilinifikia kutoka barabarani. Mariat alikuwa mlangoni kwa Kasereka, mikono kiunoni. "Hiyo si sahani yangu ya wageni?"

"Ni dawa."

"Dawa ya pilau? Hiyo ni binzari! Umekuwa sheikh lini, wewe unayesinzia kwenye hotuba?"

"Mama Baker, mambo ya herufi huyajui."

"Nayajua mambo ya Alhamisi," akasema. "Kesho." Lakini hakuondoka. Aliketi kizingitini, akamtazama Kasereka, akajifunga khanga vizuri kama mtu aliyefika matangani.

Nikamaliza. Sahani iling'aa manjano. Nikaipeleka mbele ya Kasereka kwa mikono miwili, nikajitengenezea sauti ya kaburini, nikamwambia: fundi, hizi ni namba za siri. Nikamwonyesha mstari wa chini, kumi na tano na kumi na nne zimekaa katikati bega kwa bega, nikamwambia hizi mbili ni jina la malaika anayeinua waliokaa, walimu wanalijua, wanalificha. Nitaosha, utakunywa, utasimama.

Akaipokea sahani. Nadhani kwa adabu tu, kwa sababu mzee amemletea.

Akaitazama. Nikashika birika la maji tayari.

Akaendelea kuitazama. Kidole chake, kile kinene chenye kovu la msumeno, kikaanza kutembea. Midomo ikaanza kutembea. Nikasema, bismillahi, inafanya kazi hata kabla ya maji.

"Papa Wahabu."

"Naam, fundi."

"Hii mustari iko mubaya."

"Mstari gani?"

"Ya kwanza inatoa makumi tatu na ine. Ya tatu, makumi tatu na ine. Ya chini, makumi tatu na ine." Sauti ilikuwa na kutu. "Ya pili inatoa makumi tatu na tano."

Mimi sikuwa nimejumlisha. Nani anaionja dawa kabla ya kuitoa? "Ni siri yake hiyo," nikasema. "Ile moja iliyozidi ni ya mgonjwa."

"Hapana. Hapana! Ukipima mulango hivi, haifunge." Na paji lake likakunjana, nikaona kitu usoni mwake nilichokuwa nimekikosa siku zote hizo. Hasira. Hasira ndogo, safi, ya fundi aliyeona pembe isiyonyooka. "Hata kushuka, hapa pembeni, inazidi moja. Mutu gani anatengeneza kitu hivi?"

Akasimama.

Nasema alisimama. Magoti yalilia, maranda yakamdondoka mapajani, akanipita mimi na birika langu kama siko, sahani mkononi, mpaka kwako. Pua kwa pua. Mariat pale mlangoni aliziba mdomo kwa khanga. Mimi sikupumua, niliogopa pumzi yangu itamkalisha.

"Ni tano," akasema Kasereka. "Yeye aliandika tano. Weye uliandika sita."

"Ni sita! Nimeiona!"

"Njoo uone."

Nikaenda. Na kweli, ilikuwa tano, lakini tano ya ajabu, imevimba tumbo, na ndani yake, ukitazama kwa ubavu wakati jua limeiangukia, kuna kivuli cha sita. Kasereka aliigusa kwa ukucha.

"Alikosa," akasema taratibu. "Kwanza alikata sita. Kisha alirudia juu yake." Akasema tena, kama anayezungumza na fundi mwenzake aliyesimama upande wa pili wa meza, "Mu shaba. Haifutike, na alirudia."

Kidole kilibaki pale. Halafu kikateremka mpaka mstari wa chini, na Kasereka akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji na pia yalikuwa na kitu kingine.

"Na hii kumi na tano na kumi na ine. Jina ya malaika?"

"Walimu wanasema..."

"Ni mwaka! Père, ule padri muzee, alituonyesha. Elfu moja mia tano na kumi na ine. Mwaka alichora. Fundi aliandika tarehe ya kazi, sawa mimi naandika chini ya meza!" Akainua sahani. "Mimi mukatoliki, unataka ninywe tarehe ya Mujerumani na binzari ya Mama Baker?"

Mariat alianza yeye. Kicheko kilimtoka kama sufuria inayoanguka ngazi nzima, "Sheikh! Sheikh wa pilau!" na Kasereka akafuata, kicheko kibaya, chenye kikohozi ndani, na kilipofika katikati kilivunjika kikawa kilio, na kilio kikarudi kicheko, na hatukujua kipi ni kipi. Mimi nilisimama na birika langu. Nimewahi kukamatwa na askari, nimewahi kukamatwa na mama mkwe. Sijawahi kukamatwa hivi, mchana kweupe, na namba.

"Shaba ya Kilembe?" akauliza.

Nikakitengeneza kifuniko cha birika.

"Barafu mu mufuko?"

"Ilikuwa ndogo," nikasema.

"Muongo. Umeniongopea siku zote hizi, na mimi nilikuwa nimekaa siwezi kukimbia." Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Akatazama huku na huku karakanani kama mtu aliyerudi safari akakuta wezi wamepita. Akainama. Akaokota ile randa ya kaka yake, akapuliza vumbi, akapima makali kwa kidole gumba. "Utalipa."

"Sema bei, fundi."

"Nachukua mbao ya kwanza. Weye unashika huku, mukono mbili, kwa nguvu. Na unafunga kinywa."

"Mpaka lini?"

"Mupaka mimi nasema."

"Ndiyo, afande, lakini hata salamu..."

"Kinywa ukifungua, mbao inatikisika."

Mariat alisema haijapata kutokea, na akasema atampigia Baker aache kuja na pikapu, na akasema pia atarudi na chai ili aione kwa macho yake adhabu hiyo. Akachukua sahani yake ya wageni akaondoka akicheka barabarani.

Nikashika. Mbao ya mvule ni nzito kuliko inavyonukia. Kifua changu kilikuwa juu yake, magoti yangu kwenye maranda yaliyooza, na habari mia zilinipanda kooni: mti huu nilivyoujua ungali mche, chui aliyezaliwa chini yake. Kasereka alinyoosha kidole kimoja tu. Nikazimeza zote.

Randa ikaenda. Mara ya kwanza ilikwaruza, ikakwama, akatukana kwa Kinande cha kwao. Mara ya pili ikaenda, ndefu, na ukanda wa mbao ukajikunja, mwembamba, mwekundu, ukaanguka juu ya mkono wangu ukiwa bado na joto. Akarudi. Akaenda. Alipofika mwisho wa mbao alipitisha kiganja upande wa juu, kisha akakipitisha upande wa chini, ule ambao mtu hauoni, na kiganja kikasimama pale.

"Kataliko angesema bado," akasema.

Mabega yakaanza kumtikisika. Na mimi, wallahi, nilikuwa na maneno. Nilikuwa na maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatunga, ya kaka na ya turubai na ya peponi, yamejipanga nyuma ya meno yangu kama malori Mpondwe, injini zinanguruma.

Nikaishika mbao kwa nguvu zaidi. Sikufungua kinywa. Nililipa.